Mapigo Mia Hamsini na Mbili

Jumatatu, 3 Machi

"Mtu mzima anayetaka kujifunza gitaa la kasi afunge vitabu vyake afungue simu. Kitabu hakina sauti, na aliyepita miaka arobaini hana muda wa kukisubiri kiongee."

Hayo yalichapishwa jana kwenye ukurasa wa burudani wa gazeti letu wenyewe. Aliyeyaandika ni mhariri wa ukurasa huo, ambaye meza yake iko hatua nne kutoka kwangu, na humu nitamwita Bwana Video. Nina miaka hamsini na mmoja na ninajua aliyelengwa. Kitabu hakina sauti: sawa. Ramani nayo haina vumbi, lakini msafiri mwenye akili huibeba. Video ina sauti tele. Kuku nao wana sauti tele, na hakuna aliyewahi kujifunza kutaga kwa kuwasikiliza.

Chanzo cha yote ni hiki. Wifi yangu, dada wa mume wangu, ana bendi ya watu watano inayopiga kila Jumamosi katika ua wa mgahawa ulio nyuma ya kituo cha mabasi. Kwa miaka sita nimepiga humo gitaa la ridhimu, ambayo ni kazi ya kumshikia mwenzio mlango ili apite yeye apigiwe makofi. Mwezi uliopita mpiga solo wetu alipata kazi mbali, akaondoka. Ua hauna paa, kwa hiyo mvua zikianza bendi hupumzika mpaka zikatike. Wiki iliyopita, baada ya kutangaza ofisini kwamba nitajifunza solo kwa kitabu, nilimwambia wifi kwamba kiti hicho nakitaka mimi.

"Wewe?" akasema. "Wifi, vidole vyako vimezoea kugombana na watu, si na nyuzi."

"Nipe msimu huu wa mvua."

"Nakupa. Siku ya kwanza tukirudi uani utapiga ule wimbo wetu wa kufungia, pale katikati, kwa kasi yake ile ile. Ukiweza, kiti chako. Ukishindwa namchukua yule wa kinanda, na wewe unarudi kwenye ridhimu bila kununa."

Yule wa kinanda hupiga peke yake kwenye harusi: hubonyeza kitufe, mashine ikapiga solo, yeye akanywa soda. Nimeshaandika makala tatu dhidi yake.

Pale katikati pa wimbo ni nusu dakika tu. Nimepima kwa kipima mapigo cha kwenye simu: mapigo mia hamsini na mbili kwa dakika, na noti nne ndani ya kila pigo. Mimi leo naweza sitini bila kujikwaa. Nitatafuta chombo cha kunifundisha, nitaandika humu ninachokiona, na mvua zikiisha nitaichapa shajara hii kwenye safu yangu kama ilivyo, nishinde nisishinde.

Jumatano, 5 Machi

Mvua ya kwanza. Sitini na nne.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeanza na kitabu kinene kilichotoka nje, kurasa mia tatu na kumi na mbili, jalada lenye mtu aliyefumba macho kama anaumwa tumbo. Kurasa sabini za mwanzo zinaeleza aina za mbao. Zinazofuata zimejaa majedwali, na nyuma kabisa kuna diski ndani ya mfuko wa plastiki, katika nyumba ambayo haina cha kuichezea tangu tulipohamia.

Mume wangu ni mfamasia. Alikigeuza kitabu mara mbili, akatafuta kitu ambacho sikukijua.

"Dozi yake ni kurasa ngapi kwa siku?"

"Hawakuandika."

"Basi hiyo ni sumu," akasema, akarudi kwenye redio yake.

Nimecheka, kisha nikaona kwamba hajakosea. Kitabu cha kufundisha mkono lazima kiseme: fanya hiki, mara kadhaa, kwa kasi hii, halafu acha. Hiki kinasema yote isipokuwa hayo. Nimekirudisha rafuni, kinasaidia kuegemeza vingine.

Ijumaa, 14 Machi

Programu ya simu inayosikiliza gitaa lako na kukupa nyota. Imenipa tano. Nikaweka gitaa chini nikapiga makofi, ikanipa nne. Nimeifuta.

Alhamisi, 20 Machi

Bwana Video amekuja mezani kwangu na kikombe chake.

"Dada, nasikia umeshindwa kitabu."

"Kitabu kimoja. Wewe umeshindwa maktaba nzima na huoni haya."

"Tazama hii moja tu. Moja. Halafu utaniandika vibaya ukitaka."

Kwa kuwa mpinzani anayekataa kutazama ushahidi ni mwoga, nimetazama. Dakika mbili za kwanza mwalimu anatusalimu na kutuomba tubonyeze kengele. Dakika ya tatu anaeleza gitaa lake lilipotoka. Dakika ya nne anapiga kwa kasi ya ajabu, kichwa kimeinama, na kofia yake imeziba mkono wa kushoto wote. Kisha anasema: "Mmeona? Rahisi tu."

Lakini nitakuwa mkweli. Mkono wake wa kulia ulionekana, na hauendi popote. Ile piki, kipande cha plastiki cha kupigia, inatikisika kidogo tu juu ya uzi, kama mtu anayekataa kwa heshima. Mimi nilikuwa nachota kama napakua uji. Nimejirekebisha na leo nimefika sabini na nane. Sikumwambia.

Jumamosi, 22 Machi

Nimekipata.

Kilikuwa dirishani kwenye duka la vitabu lililo kona ya kwetu, kati ya madaftari ya hesabu na kadi za pole: kijitabu cha kurasa thelathini na mbili, kimepigwa chapa kwa mashine ya kawaida na kubanwa kwa pini mbili. Jina lake ni *Mkono wa Kushoto Usilale*. Mwandishi hakujitaja. Nafasi zilizo kati ya vyuma vidogo kwenye shingo ya gitaa anaziita vyumba, chumba cha kwanza, cha pili, na kuendelea, na mara moja shingo ya gitaa imekuwa nyumba ninayoweza kutembea ndani yake gizani. Kila zoezi lina dozi. "Anza na mapigo sitini. Ukikosea mara mbili rudi nyuma kumi. Ukikosea mara tatu nenda kanywe maji."

Nimemsomea mume wangu hilo la maji. Akasema mwandishi huyo angefaa dukani kwake.

Kiini cha yote ni zoezi la nne, ukurasa wa tisa, kwa kuwa mwendo wake ndio ule ule wa nusu dakika yetu: "Chumba cha tano kwa shahada, cha saba kwa kidole cha pete, kisha cha nane kwa kidole cha mwisho." Basi cha pete kikishapiga cha saba kinaruka mbele chumba kimoja, kama mtu anayevuka dimbwi. Ni kigumu kidogo, ila kitalainika.

Ijumaa, 28 Machi

Themanini na nane. Mvua usiku na mchana. Raha tupu.

Jumapili, 30 Machi

Tisini na sita. Wifi amepita kuchukua mwavuli wake, akasimama mlangoni akisikiliza.

"Si mbaya," akasema.

Katika miaka sita hajawahi kuniambia hivyo.

Jumatano, 2 Aprili

Mia na nne.

Alhamisi, 3 Aprili

Mia na nne. Nimekunywa maji mara tano.

Ijumaa, 4 Aprili

Mia na nne. Kwenye mia na sita cha pete kinachelewa kuruka, noti ya tatu inakufa, na nyuma yake zinaanguka zote. Mkono unauma mpaka kwenye kiwiko. Mume wangu ameziba masikio kwa pamba, na anatabasamu nayo. Bwana Video kaniuliza leo mbele ya watu kama kitabu kimeshaongea.

Nimekaa nikaandika safu ya Jumapili kwa pumzi moja.

Jumapili, 6 Aprili

Imetoka. Nanukuu sehemu ili nisije nikajidanganya baadaye: "Kijitabu hiki kinampandisha mwanafunzi ngazi, na katikati kinaiondoa. Zoezi la nne ni kosa la mtu ambaye hajawahi kupiga alichokiandika. Mwenye duka aheshimuye wateja wake asikiweke dirishani."

Ni sentensi nzuri. Nilizifurahia hata nilipokuwa nakunywa chai.

Jumatano, 9 Aprili

Barua na ujumbe kumi na saba, zote zinaniunga mkono. Mmoja amesema ameikata safu na kuibandika ukutani kwake. Mwenye duka la vitabu amepiga simu kunihakikishia kwamba ameviondoa dirishani vyote, amevipanga nyuma ya madaftari. Bwana Video kaniletea chai mezani, kaweka sukari mwenyewe. Nimeinywa, nikijiuliza tangu lini tunakubaliana.

Ijumaa, 11 Aprili

Leo nitaandika kirefu.

Saa tano asubuhi, mvua ikimwagika, mwanamke wa umri wangu aliingia chumba chetu cha habari akiwa na gitaa lililofungwa kwa mfuko wa plastiki na nakala ya kijitabu mkononi. Nilimjua kwa sura: ana duka la fotokopi mkabala na zahanati, na mtaa mzima humwita Mama Fotokopi. Alimuuliza mlinzi mwenye safu ni yupi, mlinzi akaninyooshea kidole upesi kuliko nilivyopenda.

"Dada, habari za kazi," akasema.

"Salama. Karibu."

"Nimekaribia. Mimi ndiye niliyeandika kitu ambacho sijawahi kukipiga."

Nilijua mara moja anazungumzia nini, na sitasema kwamba sikuona aibu. Lakini aibu si hoja. Nilimwambia zoezi la nne nimelifanya siku ishirini, kwa dozi yake mwenyewe, na halipiti mia na nne. Nikamwambia nilichokiandika nimekiandika kwa ushahidi wa mkono wangu.

"Vizuri," akasema. Akafungua mfuko, akanipa gitaa. "Nipigie."

Bwana Video aliviringisha kiti chake mpaka karibu, akavaa miwani. Nikapiga: tano, saba, nane, tano, saba, nane. Mama Fotokopi hakuwa anasikiliza. Alikuwa anatazama mkono.

"Simama hapo. Cha nane umekipiga kwa kidole gani?"

"Cha pete."

"Mimi nimeandika cha mwisho."

"Ndiyo. Cha mwisho. Kidole nilichotumia mwisho ni cha pete, nikakirusha mbele."

Hakukasirika. Kisha akainua mkono wake wa kushoto, akakunja vidole vyote akabakiza kile kidogo pembeni.

"Dada, hiki kwenu mnakiitaje?"

"Kidole kidogo."

"Sisi kwetu ni kidole cha mwisho. Gumba, shahada, cha kati, cha pete, cha mwisho. Tangu nanyonya."

Miaka ishirini na minne nimewasuta watu kwa kusoma haraka. Nimewahi kumwandama waziri wiki tatu kwa sababu ya mkato mmoja. Na maneno hayo ya "kidole cha mwisho" nimeyasikia maisha yangu yote, nayajua, wala si kitendawili. Ila siku ile dukani nilisoma kwa masikio ya nyumbani kwetu, nikaamua maana, na nilipokwama nikamhukumu aliyeandika.

Bwana Video alicheka mpaka akavua miwani. "Siku ishirini," akasema, "kidole cha watu kinakaa pembeni kama mgeni asiyekaribishwa chakula."

"Wewe kaa kimya," Mama Fotokopi akamwambia; alimtambua kwa picha iliyo juu ya ukurasa wake. "Wanaotazama video zako nao huja kwangu, na kile kidole hawakitumii vile vile. Tofauti ni kwamba huyu alifuata maagizo. Alifuata vibaya, lakini alifuata."

Kisha alichukua gitaa lake, akaweka piki kwenye uzi, akalipiga zoezi la nne. Sikuwa na kipima mapigo wala sikukihitaji. Lilikuwa limepita mia hamsini na mbili, likaendelea. Uso wake ulikuwa wa mtu anayehesabu karatasi.

Alipofunga plastiki nilimwambia nitaandika kusahihisha. Akasema, "Andika. Ila kwanza kaamshe hicho kidole."

Jumamosi, 12 Aprili

Hamsini. Nimerudi chini ya nilipoanzia. Kidole kidogo hakina nguvu, kinateleza kwenye uzi kama mlevi kwenye ngazi. Lakini mkono umetulia, hakuna kinachoruka. Kila kidole kina chumba chake.

Jumatatu, 14 Aprili

Jana, chini ya safu yangu, niliweka mistari miwili: "Kuhusu kijitabu tulichokizungumzia wiki iliyopita, palitokea utata wa istilahi za vidole." Leo nimekuta karatasi mezani, imepigwa chapa kwa herufi nadhifu: "Dada, mtu aliyekukanyaga akisema palitokea utata wa miguu, ungemwelewaje?"

Nimeisoma mara tatu. Amenishinda kwa sentensi moja, na kwa kazi yangu mwenyewe.

Jumamosi, 19 Aprili

Themanini.

Jumamosi, 26 Aprili

Tisini na nane. Sasa Jumamosi asubuhi naenda duka la fotokopi. Anapiga chapa kazi za watu, mimi nakaa kwenye boksi la karatasi na kufanya dozi, na mashine inavyomeza na kutema kurasa inanipa mapigo. Zamani alipiga solo katika bendi ya wanawake watupu. Waliolewa mmoja mmoja, bendi ikayeyuka, na yeye akaandika kijitabu ili mkono wake ubaki na kazi.

Tumegombana leo kwa furaha kubwa. Nimemtaka katika chapa mpya aandike "kidole kidogo".

"Siandiki. Mbona wengine wote wameelewa?"

"Umejuaje? Wasioelewa hawaji kukuambia."

"Wewe ulikuja kuniambia. Gazetini."

"Basi chora mkono. Kila kidole na namba yake."

Mashine ilitoa karatasi tupu, akaweka kiganja chake juu yake na kukizungushia kalamu.

"Na video," nikasema, nikijichukia, "ya mkono wa kulia tu. Bila sauti. Nilijifunza kitu kwa mwalimu mmoja mwenye kofia."

"Hilo nakubali," akasema. "Ila mwenye kofia asikaribie."

Jumapili, 4 Mei

Mia ishirini. Mchana kutwa hakujanyesha.

Jumamosi, 10 Mei

Mia thelathini na nane. Wifi amepiga simu: ua umekauka, tunarudi wiki ijayo. Nikamwambia nahitaji wiki mbili.

"Mkataba wetu ulikuwa wa mvua, wifi. Mimi sizinyeshi."

Amekwishamwambia yule wa kinanda afike, akae mezani, asubiri.

Alhamisi, 15 Mei

Mia arobaini na sita. Mara moja tu, mia hamsini. Mume wangu ametoa pamba masikioni bila kuambiwa.

Jumamosi, 17 Mei

Ua ulijaa mapema, viti bado vina unyevu. Yule wa kinanda alikaa karibu na jukwaa, mashine yake ndani ya begi miguuni, soda mkononi. Mume wangu alikaa na Bwana Video. Mama Fotokopi alisimama nyuma kabisa karibu na lango, kwa madai kwamba anapita tu.

Saa mbili nzima nilipiga nyimbo ninazozijua. Kisha ukaja wimbo wa kufungia. Mpiga ngoma alihesabu, nikasikia katika hesabu yake kwamba ameanza juu kidogo ya kawaida, kwa kuwa watu wana furaha na mvua zimekatika. Hakukuwa na pa kulalamikia. Tulifika pale katikati, wifi akanigeukia, akaondoa mdomo kwenye maikrofoni.

Sikumbuki noti. Nakumbuka kila kidole kikiingia chumba chake na kutoka, na kile kidogo kikiwa wa mwisho kuingia kila safari, kwa wakati. Katika duru ya tatu noti moja ilififia. Nilidhani nyuma yake zitaanguka zote kama mwezi wa nne. Hazikuanguka. Duru ya nne ilitoka nzima, ya tano ikatoka nzima, wifi akaingia na ubeti wake, nami nikarudi kwenye kushika mlango.

Tulipomaliza, wifi aliviringisha waya wa maikrofoni taratibu, kama hana neno.

"Sasa?" nikamuuliza.

"Sasa nini? Jumamosi ijayo uje mapema, tutafute mtu wa ridhimu." Akamtazama yule wa kinanda. "Huyo hata gitaa anasema anajua kidogo."

Nimekubali. Nitamfundisha mimi mwenyewe, naye atatumia kijitabu.

Mama Fotokopi alinishika mkono wa kushoto langoni, akaugeuza chini ya taa, akakiangalia kile kidole.

"Duru ya tatu," akasema.

"Najua."

"Basi." Akaondoka.

Jumapili, 18 Mei

Mistari ile miwili ya Aprili naifuta. Hapakutokea utata wowote. Kijitabu kilikuwa sahihi. Nilikisoma vibaya, nikakitukana mbele ya mji mzima, na aliyekiandika akanifundisha bure ilhali nakala zake zimefichwa nyuma ya madaftari kwa sababu yangu.

Ninyi kumi na saba mlioniandikia kunipongeza: hakuna hata mmoja wenu aliyeandika kwamba amekifungua. Mlikubali kwa kuwa nilisema kwa sauti kubwa. Wewe uliyeibandika safu ile ukutani, ibandue leo. Wote kachukueni nakala, fungueni ukurasa wa tisa, fanyeni zoezi la nne siku ishirini kwa vidole vyote vitatu, kisha niandikieni tena.

Na wewe mwenye duka la kona: kesho, kabla ya saa nne asubuhi, virudishe dirishani. Nitapita kuangalia.